Kifua cha Bramble

Wilf Thirlwell alijua ameshindwa kabla jaji hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa kijiji cha Wetherburn, kwenye maonyesho ya mbwa, kamba ya mbwa wake Bramble mkononi, kipande cha ini la kuchemsha kikimlowanisha mfuko wa koti. Jaji, mama mmoja mnene mwenye sketi ya sufu, alikuwa amemkagua Bramble vizuri tu. Alimfungua mdomo akatazama meno. Alimpapasa mgongo. Alikishika kichwa chake, ambacho kwa mbwa hawa wa aina ya Border, mbwa wadogo wa kufuata mbweha mashimoni, kinatakiwa kifanane na cha fisi maji, akatabasamu kabisa. Halafu akafanya lile ambalo majaji wa mbwa hawa hulifanya mwishoni. Alipitisha mikono yake miwili nyuma ya miguu ya mbele, akamzungushia Bramble viganja kifuani, akamwinua kidogo. Tabasamu likamtoka. Akamshusha, akasema, "Asante, bwana," akamwita anayefuata.

Mbwa kwenye kundi lile walikuwa watatu. Bramble akawa wa tatu.

Huku kwetu Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, kadi nyekundu haimfukuzi mtu uwanjani. Kadi nyekundu ni ya mshindi, na nimewaona wanaume wazima, watu wa kuchinja kondoo bila kupepesa jicho, wakiishika huku midomo inawatetemeka. Ya bluu ni ya wa pili. Ya njano ni ya wa tatu, na huwa inatolewa kwa sauti ya upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Wilf aliipokea, akashukuru, akapeana mikono na mshindi kama desturi inavyotaka, akaenda kukaa pembeni karibu na birika kubwa la chai.

"Shemeji, umevuta mdomo mpaka mbwa wako ataukanyaga," alisema Hilda Charlton akimkalia ubavuni bila kukaribishwa. Hilda alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu mke wa Wilf, na ulimi wake haukuwa na mlango.

"Sijanuna."

"Haya, hujanuna. Basi kunywa chai ucheke."

"Ni sakafu," Wilf akasema. "Umeiona sakafu? Wameipiga nta jana. Mbwa anateleza, atatembeaje?"

"Wangu hakuteleza."

"Wako ana kucha kama za kuku."

Hilda alicheka mpaka msimamizi wa ulingo akageuka kumtazama. Wilf hakucheka. Alikizungusha kikombe mkononi. Kikombe chenyewe hakikuonekana, kilikuwa kimemezwa na vidole. Wilf alikuwa amejenga kuta za mawe milimani maisha yake yote, zile kuta zisizotiwa saruji, jiwe juu ya jiwe, na kazi ile ilikuwa imempa mikono ambayo hakuna duka lililowahi kuiuzia glavu. Walipofunga ndoa, pete yake ilibidi itengenezwe upya.

"Hilda," alisema akitazama chini. "Kuhusu lile dume lako."

"Jibu ni lile lile, Wilf. Niletee kadi nyekundu. Moja tu. Hata ya ukumbi kama huu wenye harufu ya soksi. Siku hiyo nitamleta dume mwenyewe mpaka mlangoni kwako na keki juu. Bila kadi, hapana." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na unajua vizuri ni nani aliyenifundisha hivyo."

Alijua. Ni Audrey, mke wake. Audrey ndiye aliyekuwa akisema kwamba anayezalisha mbwa kwa kuwaonea huruma anaharibu kazi ya watu waliokwisha kufa.

Audrey alianza kufuga mbwa hawa akiwa msichana, nyumbani kwa baba yake kwenye shamba la Whinrigg, na kila mbwa aliyezaliwa mikononi mwake alibeba jina hilo la shamba mbele ya jina lake. Whinrigg hii, Whinrigg ile. Walijulikana kuanzia hapa hadi ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Alipoolewa na Wilf alihamia na majike mawili na masanduku ya nguo, na kama ungemuuliza kipi kilitangulia kushushwa garini angekuambia bila aibu. Kazi waligawana hivi: Audrey aliwachagua, aliwanyonyoa manyoya kwa vidole jikoni, aliwapima vifua, aliwaingiza ulingoni. Wilf aliendesha gari. Alibeba meza. Alikaa nje ya ulingo na blanketi, akashangilia kimoyomoyo, na hakuwahi kutaka zaidi ya hapo.

Sasa Audrey alikuwa kaburini na katika ukoo mzima wa Whinrigg alibaki jike mmoja wa kuzaa, Bramble, naye alikuwa anaingia mwaka wa sita na hajawahi kuzaa. Daktari wa mifugo alikuwa amesema waziwazi kwamba kama hatapandwa kwenye joto lake la vuli hii, waache kabisa, maana baadaye itakuwa kumhatarisha. Dume pekee aliyekuwa bado na damu ya mbwa wa Audrey alikuwa huyo wa Hilda. Madume mengine yalikuwepo, ya watu wasiouliza maswali, lakini Wilf aliona kumpeleka Bramble huko ni sawa na kuliuza jina la mke wake sokoni. Kwa hiyo ilikuwa hivi: kadi nyekundu kabla ya vuli kwisha, au Whinrigg iishe.

Mtu hujifunza namna ya kushindwa, na Wilf alikuwa amejifunza. Akitoka kwenye maonyesho hakuwasha gari mara moja. Alikaa, akafungua mkate bapa wenye nyama ya nguruwe na dengu za kupondwa, akamkatia Bramble kipande, na wawili hao wakala kimya huku madirisha yakipata ukungu. Kisha akatafuta mchawi. Leo nta, juzi mvua. Kuna siku jaji alikuwa binamu wa mshindi, na siku nyingine kulikuwa na mtoto aliyekula chipsi kando ya ulingo akamvuruga mbwa akili. Akifika nyumbani aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma ili asiutazame ukuta ambao Audrey alizipanga kadi zake, nyekundu tupu, mpaka karatasi ya ukutani haionekani. Za kwake, za njano na zile za kijani za wa nne, Wilf alizisukumia kwenye droo ya kamba na betri zilizokufa. Alijaribu kujikaza. Siku mbili tatu aliweza. Halafu alijikuta amesimama kwenye ngazi na soksi moja mkononi, hajui alikuwa akipanda au akishuka, na moyo umemlegea kabisa.

Kuna mtu aliwahi kumnong'oneza kwenye foleni ya chai kwamba Bramble "amejaa kidogo kifuani." Wilf akaliona hilo ni neno la maana, maana linarekebishika. Alimpunguzia chakula. Alimpandisha mlimani asubuhi na jioni, yeye mwenyewe magoti yanamlilia. Bramble alikonda miguu, akakonda shingo, akaanza kuiba nafaka walizowekewa ndege wa jirani, mpaka jirani akaja mlangoni.

"Mzee Wilf, mbwa wako anakula chakula cha ndege wangu."

"Yuko kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya kuruka?"

Kila jioni, kabla ya kumpa kile chakula kidogo, Wilf alipiga magoti mbele ya jiko la makaa, akamzungushia Bramble viganja kifuani kama alivyomwona Audrey akifanya. Vidole gumba vilikutana juu, vidole vingine vikakutana chini. Havikukutana tu, vilipandana. Kifua chembamba, safi, mbwa wa kuingia shimo lolote la mbweha. Basi tatizo lingekuwa nini kama si watu? Wilf akafikia uamuzi kwamba anaonewa. Walimheshimu Audrey, yeye walimwona dereva wake tu.

Hakuwa mjinga kabisa. Kuna jambo lilikuwa likimkera usiku na mchana, nalo lilihusu siku ya uchaguzi. Bramble hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na dada yake, Wren, na Audrey aliwaweka wote wawili hadi vifua vyao vikomae, ndipo amchague mmoja wa kuendeleza ukoo. Lakini siku hizo Audrey alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali kilicholetwa chumba cha mbele, ugonjwa umemwingia kwenye mifupa, na dawa zilimfanya aongee na watu ambao hawakuwemo. Asubuhi moja alisema, "Wren ndiye." Alasiri ile ile alimuuliza Wilf kama baba yake amekwisha kufunga ng'ombe. Baba yake alikuwa marehemu wa zamani.

Wilf aliwatazama mbwa wote wawili pale uani. Wren alikuwa mdogo, mwekundu wa kawaida, sikio moja limelala vibaya. Bramble alikuwa na uso ambao ungeuweka kwenye kalenda. Aliwapima vifua wote. Kwake wote walikuwa sawa, vidole vilipandana kwa huyu na kwa yule. Akaamua Audrey kapitiwa na dawa, na kwamba yeye, mume, ni lazima kwa mara ya kwanza aamue jambo la mbwa. Akambakiza Bramble. Wren akampa Lorna Tait, muuguzi aliyekuja kila siku kumwogesha Audrey na kumchoma sindano, na ambaye hakuwahi kutoka bila kuinama kucheza na yule mbwa mdogo. Hakuchukua hata senti kwake. Ilikuwa shukrani.

Maonyesho ya mwisho ya msimu yalikuwa ya Harbeck, uwanjani kando ya mto, mwezi wa tisa. Ni maonyesho ya kila kitu: kondoo, jemu, mboga za liki, jamii ya vitunguu, nene kama mkono wa mtoto zilizopangwa kwenye hema na kulindwa na wazee wasiocheka. Mvua ilikuwa imenyesha, ikakatika, ikawa inatafakari. Wilf alimfuta Bramble miguu, akavaa tai ya harusi yake, akaenda kwenye ubao kuangalia kundi lake. Walioandikishwa walikuwa wawili. Yule mwingine, akaambiwa, hakuja, gari la mwenyewe limeharibika njiani.

Wilf aliuliza mara ya pili ili asikie tena. Bramble alikuwa peke yake.

"Shemeji!" Hilda alimpungia mkono kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Leo hata ungeleta paka ungeshinda!"

Wilf akacheka, cheko lake la kwanza tangu sijui lini. Ndiyo, kushinda peke yako si kushinda kwa kujivunia, lakini kadi ni kadi, na rangi yake ni nyekundu vile vile. Hilda alisema kadi moja, hakusema amshinde nani. Alipoitwa aliingia ulingoni kama kijana anayekwenda kuposa.

Jaji alikuwa Mskoti, Dougal Rennie, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa. Alimkagua Bramble taratibu. Alipofika usoni alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyu ni mzuri mno." Akamtaka atembee, Bramble akatembea vizuri kuliko siku zote, mkia juu, maana nyasi mbichi alizipenda. Kisha Rennie akamzungushia viganja. Akatulia. Akavitoa, akavirudisha, akapima tena. Alisimama kitambo akitazama mto. Halafu akaenda mezani, akaongea na msimamizi kwa sauti ya chini, akarudi na kadi mkononi.

Ilikuwa ya bluu.

"Ya kwanza nimeizuia," alisema. "Samahani sana, bwana."

Jaji ana ruhusa hiyo. Akiona mbwa hafikii kiwango, anaweza kuinyima zawadi ya kwanza hata kama mbwa yuko peke yake ulingoni. Ruhusa hiyo huwa haitumiki, hasa kwenye maonyesho ya nyumbani, kwa sababu sote tutakutana dukani kesho yake. Watu waliokuwa kando ya ulingo walianza kutazama viatu vyao. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba anataka kuona liki. Wilf alisimama pale na tai yake ya harusi, wa pili katika shindano la mmoja, akasikia uso unamwaka kama aliyepigwa kofi mbele ya wakwe.

Desturi ni kwamba mtu anashukuru na kutoka. Wilf hakutoka.

"Nieleze," alisema. "Miaka yote hii wananishusha na hakuna anayenieleza. Majaji wanaandika sababu za washindi tu gazetini. Sisi wengine tunakwenda nyumbani na nini?"

"Hatujadiliani ulingoni, bwana."

"Basi tutoke ulingoni."

Rennie alimtazama, akamwomba msimamizi dakika moja, wakaenda nyuma ya mazizi ya kondoo.

"Ni kifua," Rennie akasema. "Vidole vyangu havikutani. Na usinielewe vibaya, si unene, hata ukimshindisha njaa hakitapungua. Ni mbavu zenyewe. Mbwa huyu akimfuata mbweha shimoni atakwama, na mbwa aliyekwama chini ya ardhi anafia humo. Uso wake nimeupenda, nimeumia kumnyima. Lakini ukimpa kadi jike wa namna hii, mwakani anazaa watoto sita wa namna hii."

"Mbona kwangu vinakutana?" Wilf alipandisha sauti. "Vinapandana! Kila siku ninampima!"

"Nionyeshe."

Wilf alipiga goti kwenye matope. Akamzungushia Bramble viganja, na vidole vikapandana, kama alivyosema. Akainua macho kwa ushindi. Rennie hakuwa anamtazama mbwa. Alikuwa anatazama mikono.

"Simama, bwana. Lete mkono." Akauweka mkono wake mwenyewe juu ya ule wa Wilf, kiganja kwa kiganja. Vidole vya yule Mskoti viliishia pale vya Wilf vilipokuwa vimebakiza pingili nzima. "Kipimo ni mikono ya mtu wa kawaida. Wewe, kwa mikono hii, hata kondoo huyu angefaulu." Alisema kwa upole, hakuwa akitania. "Nyumbani kwenu nani alikuwa anapima?"

"Mke wangu," Wilf akasema.

Rennie akavua kofia, akaivaa tena. "Pole," alisema, akarudi ulingoni.

Hilda alimkuta bado amesimama pale pale. Alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai, akampa kimoja.

"Ulijua," Wilf akamwambia.

"Shemeji..."

"Ulijua, Hilda. Ulikuwa unaniambia lete kadi, lete kadi, na unajua haiji."

"Nilijua. Sote tulijua, mtu akimshika tu anajua." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ningekuambiaje? Ulikuwa umetoka kumzika Audrey, umebaki na huyo mbwa, unatembea naye kila mahali na tai shingoni. Ningekuja nikuambie mbwa wako hafai? Niliona nikitaja kadi utachoka mwenyewe."

"Sikuchoka."

"Hapana. Hukuchoka, kichwa ngumu wewe."

Wilf akanywa chai yote kwa mkupuo, ikamuunguza koo, na ndipo likamjia. Wren. Siku ile uani alimpima Wren kwa mikono hii hii isiyojua kupima, akaona wako sawa. Lakini kuna aliyewapima kwa mikono ya mtu wa kawaida akasema Wren ndiye. Audrey hakuwa amepitiwa na dawa. Na Wren alikuwa hai, tena si mbali.

"Kama ningekuletea dada yake?" aliuliza. "Yule mdogo. Akipita kifua, bila kadi, ungekubali?"

Hilda alifikiri. "Audrey alimtaka yule?"

"Alimtaka."

"Basi mlete leo hii. Nitampima mwenyewe. Kwa yule siombi kadi."

Wilf aliendesha gari mpaka Alderford, kwa Lorna, na kwa kweli aliendesha vibaya. Mwendo wote alikuwa akiongea. Alimwambia Bramble kwamba asikasirike, kwamba atakuwa shangazi, kwamba nyumba itajaa kelele na magazeti yaliyokojolewa. Alipokuwa anapita daraja alijikuta akiimba.

Lorna Tait alifungua mlango na unga mikononi. "Mzee Wilf! Karibu, karibu ndani, vua hivyo viatu tu, umetoka wapi na matope hayo?" Alikuwa mwanamke mdogo, mchangamfu, na nyumba yake ilinuka keki ya tangawizi. Juu ya kochi, kwenye mto wake mwenyewe, alikuwa Wren. Sikio lilikuwa bado limelala vibaya. Alimtazama Wilf, akapiga mkia mara moja, akaendelea kulala kama malkia.

"Lorna, mwanangu, nawa mikono kidogo. Nataka ufanye jambo."

Akamwonyesha. Lorna akacheka, akanawa, akainama juu ya kochi na kumzungushia Wren viganja nyuma ya miguu ya mbele. Mikono yake ilikuwa midogo, kama ya Audrey. Vidole gumba vilikutana juu. Wilf akainama kutazama chini. Vidole vilikutana, ncha kwa ncha, bila kulazimishwa.

"Hivi?" Lorna akauliza. "Ndiyo vizuri?"

"Ndiyo," Wilf akasema. Alikaa kando ya Wren. "Ndiyo, mama. Ndivyo hasa."

Akamweleza, maneno yanakanyagana: dume la Hilda, damu ya Audrey, kwamba Wren angerudi kwake baada ya kunyonyesha, kwamba gharama zote ni zake yeye, kwamba angemchagulia mtoto mzuri kuliko wote. Lorna alisikiliza. Mwanzoni alikuwa akitabasamu, halafu tabasamu likabaki peke yake usoni bila yeye.

"Lakini Mzee Wilf," alisema taratibu, "Wren si alitolewa kizazi?"

Wilf akamtazama.

"Wewe mwenyewe ulinitaka. Siku unanipa. Ulisema mbwa anayetolewa kwenda kufugwa nyumbani lazima atolewe kizazi, asije akazaa ovyo akaharibu jina la Whinrigg. Ulinipigia na simu baadaye kuhakikisha nimempeleka." Sauti yake ilizidi kushuka. "Mimi sikutaka, nilimwonea huruma. Lakini ulisema ndiyo sheria ya Mama Audrey."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa sheria ya Audrey, kwa wale wasiochaguliwa.

Lorna alimkatia keki, akaifunga kwenye karatasi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Wilf akashukuru. Alimpapasa Wren kichwani, akavaa viatu vyake, akachelewa sana kuzifunga kamba, kisha akaenda kwenye gari.

Bramble alimpokea kama aliyetoka vitani. Wilf alifunga mlango, akakaa mikono juu ya usukani, akaitazama ile mikono. Sasa alikumbuka kilichobaki cha siku zile. Alipokwisha kupiga ile simu, alimchukua Bramble akampeleka chumba cha mbele, akamweka kitandani juu ya blanketi, akamwambia Audrey, kwa fahari, kwamba huyu ndiye aliyembakiza na yule mwingine yuko kwa Lorna, amekwisha kutolewa kizazi. Audrey aliitoa mikono yake miwili chini ya shuka. Ilimchukua muda. Aliizungusha kwenye kifua cha Bramble, akaiacha hapo, macho yake dirishani. Wilf alisubiri kwenye ncha ya kitanda kama mwanafunzi. Kisha Audrey alimwangalia yeye, si mbwa, akatabasamu.

"Ana roho nzuri huyu," alisema. "Atakufaa."

Na Wilf alisikia sifa. Alitoka chumbani kifua mbele. Miaka yote hii alikuwa akiirudia sentensi ile kila aliposhindwa, kama mtu anayegusa kitu mfukoni, na haikuwa sifa ya mbwa hata kidogo. Mikono ya Audrey ilikuwa imekwisha kumwambia kila kitu. Alijua pale pale kwamba kazi ya maisha yake imefika mwisho, kwamba imemalizwa na mume wake kwa nia njema, na alibakiwa na nguvu za kusema sentensi moja tu, akaitumia kumliwaza yeye.

Wilf aliegemeza kichwa kwenye usukani akalia kwa sauti, mzee mzima, nje ya nyumba ya watu, mchana kweupe. Pazia la Lorna lilisogea, likarudi.

"Ungenigombeza," alisema alipoweza kusema. "Audrey, ungenigombeza tu."

Bramble alidhani anaambiwa yeye. Akavuka kutoka kiti cha nyuma, akaikanyaga ile kadi ya bluu, akasukuma kifua chake kipana chini ya mkono wa Wilf ili ashikwe.